"Cherehani Inaruka": Kisa cha Fundi Aliyetafutwa kwa Jina Lisilo Lake

Kuhusu kisa hiki

Karakana inayozungumzwa hapa ipo Dar es Salaam na bado inafanya kazi. Jina lake, mtaa na majina ya wahusika nimeyaacha kwa makusudi, na hesabu za wateja nimezizungusha ili mtu asiitambue kwa namba. Mwenye karakana nitamwita Fundi. Mtoto wa dada yake, aliyeshika simu muda wote, nitamwita Mpwa. Mimi niliombwa kusaidia mambo ya mtandaoni. Malipo yangu yalikuwa cherehani ya mama kufufuliwa bure, na makosa kadhaa yaliyomo humu ni yangu mwenyewe.

Usuli

Fundi alijifunza kazi Kariakoo, akianza kama kijana wa kushika taa na kupokeza bisibisi, kisha akajitegemea. Anatengeneza mashine za kushonea za kila namna: zile nyeusi za kukanyaga kwa miguu, za mezani zenye mota ndogo, za kiwandani, na ovaloki, zile za kumalizia kingo za kitambaa. Hashoni nguo. Shikilia hapo, maana nusu ya kisa hiki imetokana na neno hilo moja.

Fremu yake haionekani barabarani. Unapita uchochoro kati ya duka la vifaa vya umeme na jamaa wa kuchomelea mageti, ndipo unakuta meza mbili, taa moja ya kuning'inia, na cherehani kumi na kitu zimepangwa sakafuni, kila moja imefungwa kikaratasi chake. Kwa miaka mingi hilo halikuwa tatizo. Wateja waliambiana. Mama mwenye kibanda cha ushonaji alimleta mwenzake, na mwalimu wa chuo cha ushonaji alileta mashine tano kwa mpigo shule zikifungwa.

Kisha wauzaji wa mashine mpya wakaanza kuuza mashine pamoja na fundi wao, na mwenye mashine mpya akawa hana sababu ya kumuulizia fundi mtaani. Kazi zikashuka hadi mbili kwa siku, siku nyingine hakuna. Mwenye fremu alikuwa anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mpwa alikuwa amemaliza kidato cha nne, yupo yupo tu nyumbani, anajua kukata video kwa simu. Yeye ndiye aliyesema, "Mjomba, tukuweke YouTube."

Fundi akamjibu, "Niwekwe huko nikafanye nini, nicheze?"

Jaribio la kwanza, nililolipitisha mimi

Video ya kwanza ilikuwa tangazo. Sekunde hamsini hivi, wimbo wa Bongo Fleva unapiga chini, picha za karakana zinapishana, na maandishi makubwa ya njano: FUNDI CHEREHANI BORA DAR ES SALAAM, BEI NAFUU. Niliitazama nikasema safi, pandisha.

YouTube ikatujulisha kwamba wimbo una mwenyewe. Haikuwa adhabu ya kufungiwa chaneli, ingawa Mpwa alikosa usingizi. Mfumo wao unaoitwa Content ID hulinganisha sauti ya kila video inayopandishwa na nyimbo zilizosajiliwa, na mwenye wimbo ndiye anayeamua kama video izuiwe au ibaki na mapato ya matangazo yaende kwake. Yetu ilibaki. Mapato hayakuwepo ya kugombaniwa.

Simu zilianza kuingia, tena zaidi ya tulivyotegemea. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja: "Fundi, nina kitenge cha sendofu, unashona kwa siku ngapi?" Ya pili ilikuwa ya suti ya bwana harusi. Ya tatu, sare za kwaya, vipimo watakuja navyo. Mwezi ukapita hivyo. Fundi alikuwa anapokea simu kwa upole wa ajabu, anamwelekeza kila mtu kwa mshonaji wa mtaa wa pili. Mshonaji yule alishukuru sana.

Kwa Mswahili, fundi cherehani ni yule anayeshona nguo. Nimezaliwa na lugha hii, nimeshonewa nguo na mafundi cherehani tangu nikiwa mtoto, na bado nililipitisha neno lile bila kufikiri. Anayetengeneza cherehani yenyewe hana jina fupi la mtaani. Wengine husema fundi wa mashine, lakini huyo anaweza kuwa wa mashine ya kusaga. Wengi wanazunguka: "kuna mzee mmoja hivi, anatengenezaga cherehani." Mtu asiye na jina la kukuitia hawezi kukutafuta kwa jina.

Kwenye Google kosa lilikuwa hilohilo. Mpwa alifungua ukurasa wa biashara unaotokea kwenye ramani, na sehemu ya aina ya biashara akachagua ushonaji nguo.

Daftari

Ufumbuzi tuliukuta mezani, umelowa mafuta ya mashine. Fundi ana kauntabuku. Kila cherehani inayoingia anaandika tarehe, jina la mteja, namba ya simu, aina ya mashine, na safu ya mwisho ameipa jina la "ugonjwa". Katika safu hiyo huandika vile mteja alivyosema mlangoni, siyo vile anavyojua yeye. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mteja akirudi kuchukua mashine anasomewa maneno yake mwenyewe, kisha wanaijaribu pamoja, hakuna kubishana.

Safu hiyo ilisomeka hivi ("inaruka" ni mashine kuruka baadhi ya mishono): Inaruka. Inakata uzi wa juu. Uzi unajaa chini. Haivuti kitambaa. Inaruka kwenye jezi tu. Nzito kama inasaga mahindi. Inavunja sindano. Inaruka.

Tulikaa jioni mbili mimi na Mpwa, tukahesabu kurasa za miezi kadhaa. "Inaruka", "inakata uzi" na "uzi unajaa chini" ziliyaacha magonjwa mengine mbali. Nikaweka kando orodha yangu ya maneno niliyokuwa nimeiandaa nyumbani, yenye vitu kama "huduma za ukarabati wa mashine za kushonea". Katika kurasa zote zile hakuna mteja hata mmoja aliyetamka neno ukarabati.

Tuliyapima maneno hayo kwa njia ya bure: unafungua YouTube kwenye dirisha la faragha ili historia yako isiingilie, unaandika "cherehani i", unaacha mfumo umalizie wenyewe. Unachoonyeshwa ni yale ambayo watu wameshayaandika. Kwa Kiswahili mapendekezo huwa machache, mengine hayana maana, na zana kama Google Trends, inayoonyesha watu wanatafuta nini, kwa maneno ya aina hii mara nyingi inakwambia data haitoshi. Kwa hiyo kauntabuku ilibaki kuwa kipimo kikuu, mtandao ukawa shahidi wa pili.

Kukawa na suala la tahajia. Watu wanaandika cherehani, cherahani, charahani, cherehan, na wapo wa "inaluka". Mpwa alitaka kuzirundika zote kwenye maelezo ya video kama mahindi kwenye debe. YouTube yenyewe inasema zile tagi za pembeni zina mchango mdogo sana, na kurundika maneno yasiyohusiana kwenye maelezo kunakatazwa. Tukaamua jina la video libebe tahajia ya kawaida, na ndani ya maelezo tuweke sentensi moja ya kibinadamu: "Kama charahani yako ni ya miguu, anza na hatua ya pili." Kwa wasomaji wa Kenya na Kongo tukatumia pia "mashine ya kushona" pale ilipoingia yenyewe.

Kufundisha au kuficha

Hapa ndipo tulipokwama kwa muda mrefu kuliko popote. Ukitaja ugonjwa kwenye jina la video, mtazamaji anataka dawa. Na magonjwa mengi ya "inaruka" dawa yake ni sindano: imepinda, imekuwa butu, haikusukumwa hadi juu, ubapa wake umegeuzwa, au namba yake haiendani na kitambaa. Mtu akijua hilo hana haja ya kupanda daladala.

"Dada," Fundi aliniambia, "nikiwaonyesha sindano, huyu mwenye elfu tano yake simwoni tena."

Mimi nilipendekeza ujanja ambao matangazo mengi hutumia: onyesha nusu, kisha sema piga simu upate nusu nyingine. Alinitazama kidogo. Akasema fundi mwenzake akitazama atajua kwamba anaficha, na mama aliyejaribu ile nusu ikashindikana atasema amedanganywa na mzee mzima. Baada ya siku chache alikuja na kanuni yake mwenyewe, na ndiyo iliyoongoza kila kilichofuata. Kinachorekebishwa bila bisibisi kionyeshwe chote. Kinachotaka mashine ifunguliwe, ionyeshwe dalili yake, na isemwe wazi kwamba hapo nenda kwa fundi, yeyote aliye karibu nawe.

Alikuwa amepiga hesabu pia. Kazi ya sindano inamla nusu saa ya maneno kwa malipo madogo. Kazi inayomlipa kodi ni kuweka taiming (kulinganisha mwendo wa sindano na ndoano inayodaka uzi chini), kubadilisha sehemu zilizolika, kufufua mashine iliyolala stoo miaka kumi.

Kurekodi

Fundi hakutaka sura yake ionekane. Tukarekodi mikono. Ikageuka kuwa faida, kwa sababu mtu mwenye tatizo anataka kuona sindano, hataki kuona mzee.

Tatizo lilikuwa udogo wa vitu vyenyewe. Simu ya Mpwa ilikataa kuona karibu: ukiisogeza kwenye sindano picha inakuwa ukungu. Mlango wa tatu kuna fundi saa. Fundi akatoka bila kusema kitu, akarudi na ile lenzi ya kubana jichoni. Tuliishika mbele ya kamera kwa mkanda wa gundi, na ghafla tundu la sindano likajaa kioo kizima, uzi wa bluu ukionekana unavyochubuka kwenye ukingo wenye kutu. Video ya "inakata uzi" imesimama juu ya picha hiyo. Hakuna maelezo yanayoweza kushindana nayo. Lenzi hurudishwa kila jioni.

Kelele za jamaa wa mageti tulizikwepa kwa kurekodi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hajawasha mashine yake. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola ilinunuliwa baadaye, na kama ningeanza upya ningeinunua kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu salamu. Mpwa alikuwa ameona kwenye takwimu za YouTube, ile grafu inayoonyesha watu wanaondokea wapi, kwamba video za majaribio zilipoteza watazamaji katika salamu na "usisahau kujiunga na chaneli yetu". Alitaka video ianze na kitambaa moja kwa moja. Fundi akakataa katakata: huwezi kuingia kwenye nyumba ya mtu bila hodi. Suluhisho likawa yeye kusalimu kwa sekunde tatu huku mkono wake tayari umeinua kitambaa chenye mishono iliyoruka. "Salamu ndugu zangu. Tazama hii." Grafu ikanyooka.

Kila video ndefu tuliigawa kwa alama za dakika kwenye maelezo. Ili YouTube izigeuze kuwa sura za kubofya, ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe tatu au zaidi, na kila sehemu isipungue sekunde 10. Majina ya sura tuliyaandika kama safu ya ugonjwa: "Inaruka ukipita kwenye mshono mnene", siyo "Sehemu ya pili".

Ramani, bango, na kufungiwa

Wakati video zinajijenga polepole, nilirudi kwenye ukurasa wa Google. Google wenyewe wanasema matokeo ya karibu nawe hupangwa kwa mambo matatu: uhusiano wa biashara na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali huwezi kuubadilisha. Uhusiano tulikuwa tumeuharibu kwa kuchagua ushonaji nguo, tukaurekebisha kwa dakika moja.

Ila nikaongeza kosa jipya. Kwenye jina la biashara nikaweka maneno ya utafutaji, kitu kama "Fundi wa Kutengeneza Cherehani Zote Bei Nafuu". Kanuni ya Google ni kwamba jina liwe lile linalotumika kweli dukani. Baada ya wiki chache ukurasa ukasimamishwa. Nilijua kanuni hiyo. Niliwaona wengine wanaivunja bila kitu kuwatokea, nikajipa moyo.

Kurudishwa kulitaka uthibitisho kwa video: uonyeshe mtaa, uonyeshe jina la biashara nje, uonyeshe kwamba una funguo na vifaa vya kazi. Sasa jina nje lilikuwa wapi? Miaka yote hiyo karakana haikuwahi kuwa na bango. Wateja walikuwa wanaelekezwa "kwa yule mzee, nyuma ya anayechomelea". Tukamtafuta mchoraji, akachora kwa mkono cherehani nyeusi yenye gurudumu, na chini yake jina. Kibao cha namba ya nyumba, kilichobandikwa mwaka 2022 wakati wa operesheni ya anwani za makazi, kilikuwa kimefunikwa na turubai la jirani, tulilikunja. Mpwa akarekodi akitembea kutoka barabarani, bango, kibao, kufuli, droo ya sindano. Ukurasa ukarudi.

Bango lenyewe, kwa taarifa yako, lilianza kuleta watu siku ileile lilipopigiliwa, bila intaneti yoyote.

Maoni ya wateja nayo yana hadithi. Jioni moja Mpwa aliwaomba ndugu saba waandike nyota tano, wote wakiwa sebuleni kwa bibi, kwenye intaneti moja. Mengi ya maoni hayo hayakudumu. Baada ya hapo Fundi akawa anamwambia mteja anayechukua mashine iliyopona: "Ukifika nyumbani ukashona wiki nzima ikiwa sawa, niandikie." Yanakuja machache, lakini yanataja ugonjwa na mashine, kwa mfano "Butterfly yangu ilikuwa inajaa uzi chini", na hayo ndiyo maneno ambayo mtu mwingine anayatafuta.

Video iliyovuma na video iliyolipa

Mpwa alirekodi kwa kujifurahisha Fundi akiifungua cherehani ya miguu yote na kuipanga sakafuni kama mifupa, kisha akairudisha, picha imekimbizwa. Video ya wima, chini ya dakika tatu. Tangu Oktoba 2024 YouTube huziweka video za wima zisizozidi dakika tatu kwenye kundi la Shorts, yaani video fupi. Ikavuma. Ndani ya siku chache ilitazamwa mara nyingi kuliko video zetu nyingine zote zikijumlishwa. Fundi alisimamishwa msikitini akapongezwa.

Kiungo cha WhatsApp tulichokiweka kwenye maelezo yake hakikufanya kazi, kwa sababu tangu 2023 viungo kwenye maelezo na maoni ya Shorts havibofyeki. Lakini hata kama kingebofyeka sidhani kingebadilisha kitu. Waliotazama walikuwa wanafurahia mikono ya mzee, hawakuwa na mashine mbovu mbele yao.

Wakati huohuo video ya "Uzi unajaa chini: tatizo liko juu" ilikuwa inatambaa. Dakika tisa, haina muziki. Kiini chake ni jambo linalomshangaza kila mshonaji mpya: fundo linaonekana chini ya kitambaa, mtu anahangaika na bobini, kumbe uzi wa juu ulipitishwa mguu wa kukandamiza ukiwa chini, sahani za kubana uzi zimefungwa, uzi haukuingia kati yake. Inua mguu, pitisha uzi upya, maliza. Wiki ya kwanza haikuwa na kitu. Mwezi wa tatu ilikuwa inaongezeka kila siku kwa kiasi kilekile, na karibu watu wote walitoka kwenye utafutaji wa YouTube na Google.

Tulijuaje ipi inalipa? Fundi aliongeza safu ya sita kwenye kauntabuku: "umetujuaje". Kati ya kila wateja wapya kumi, watatu au wanne walisema ramani ya Google, wawili walisema video, na katika hao wa video karibu wote walitaja ugonjwa. Waliobaki ni kuambiana kama zamani. Aliyetaja ile iliyovuma alikuwa mmoja, na alikuja kupiga picha.

Wateja wa mbali

Hili hatukulipanga. Simu zilianza kutoka Mbeya, Bukoba, Mombasa, mmoja Lubumbashi, na dada mmoja aliyeko Muscat mwenye mashine ya mezani. Hawawezi kuja. Fundi alikuwa anajibu WhatsApp hadi saa tano usiku, bure, mkewe akinung'unika kwa haki.

Tukaanza kutuma vifaa vidogo kwa mabasi ya mikoani: sindano, bobini, mikanda. Mteja analipa kwa simu, kifurushi kinafikishwa ofisi ya basi, anatumiwa picha ya risiti. Mizigo ya mwanzo ilituumiza. Mteja anasema "sindano namba kumi na sita", unatuma, kumbe mashine yake ni ya kiwandani, inayotaka sindano yenye shina la duara, na wewe umetuma ya nyumbani yenye ubapa. Namba ni ileile, sindano ni nyingine kabisa. Sasa hakuna kinachotumwa kabla mteja hajaleta picha ya sindano ya zamani imelazwa pembeni ya sarafu ya shilingi mia mbili.

Kulikuwa na mtu aliyechukua video yetu, akaweka namba yake ya simu, akapokea hela ya mteja mmoja. YouTube iliiondoa baada ya kujaza fomu ya hakimiliki. Tangu siku hiyo namba ya karakana imeandikwa kwa chaki kwenye mbao ya meza, chini ya mikono ya Fundi, ndani ya picha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutafutwa kwa jina la ugonjwa. Nimesoma miongozo mingi ya SEO, yaani mbinu za kuonekana kwenye utafutaji wa mtandaoni, na yote inasema tafuta maneno ya wateja wako. Kinachosahaulika ni kwamba fundi, muuza dawa au mwenye gereji tayari anayasikia maneno hayo kila asubuhi. Kasoro yetu ilikuwa kuyatafsiri kwa Kiswahili cha barua za maombi.

La pili ni kwamba video na ramani zilifanya kazi mbili tofauti, na tulichelewa kulielewa hilo. Video ilimfikia mtu mwenye tatizo popote alipo. Ramani ilimfikia mtu mwenye tatizo aliye umbali wa daladala moja. Kwa karakana inayoishi kwa mashine zinazobebwa mlangoni, ramani ndiyo ilistahili kuanza, na tungeokoa miezi. Nilianza na video kwa sababu ndiyo inayopendeza kuonyesha watu.

Hela iliyopotea bure ni ile tuliyomlipa kijana mmoja aliyeahidi kututokeza ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya mwezi. Google wanaandika wazi kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza. Alitupa orodha ya viungo kutoka kurasa za lugha tusizozijua.

Kushindwa ambako kungeua kila kitu kulikuja kimyakimya. Chaneli na ukurasa wa biashara vilifunguliwa kwa barua pepe ya Mpwa na laini ya Mpwa. Alipopata nafasi ya kusoma ufundi umeme mkoani akaondoka na simu yake, simu ikaibiwa stendi. Wiki mbili hatukuweza kujibu mteja wala kubadilisha saa za kazi wakati wa sikukuu. Laini ilisajiliwa kwa alama za vidole vyake, hivyo ilibidi yeye mwenyewe ndiye aende kuirudisha. Sasa mmiliki ni akaunti ya Fundi, sisi wengine ni wasimamizi tu, na namba za akiba za kuingilia zimeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kauntabuku. Najua wataalamu wa usalama watakunja uso. Kauntabuku hiyo hulala ndani ya droo yenye kufuli, na Fundi hajawahi kuipoteza.

Kuna deni ambalo halijalipwa. Ovaloki ina magonjwa yake na nyuzi zake tatu au nne, wateja wanaiuliza kila wiki, na hatujaweza kuirekodi vizuri kwa sababu lenzi ya fundi saa haiingii penye uzi wa ndani.

Na lile la sindano, Fundi alikuwa sahihi. Wale wa elfu tano wamepungua kweli. Mwezi uliopita nilikuwepo karakana, akaingia mama amejitwika cherehani ya mezani kwenye beseni. Aliitua. "Shikamoo fundi. Sindano nimebadilisha, mpya, ubapa nimeuangalia, nyuzi nimepitisha upya mguu ukiwa juu. Bado inaruka."

Fundi hakumuuliza swali hata moja. Aliilaza mashine ubavu, akavuta bisibisi, akaandika kwenye safu ya ugonjwa: taiming.